PS4, PS5 au kumsubiri mrithi? Ulinganisho kwa wenye vyumba vya gemu Unguja na Pemba

Anayetaka kufungua chumba cha gemu leo, awe Kwahani au Wete, ana njia tatu mbele yake: PlayStation 4 (PS4) iliyotumika, PS5, au kuzikalia pesa zake hadi Sony itoe mashine inayofuata. Wengi huzilinganisha kwa uzuri wa picha. Kwa anayecheza peke yake sebuleni hilo linatosha. Anayeuza mechi, mashine kwake ni kama cherehani kwa fundi nguo: sindano zake zinapatikana wapi, nani anaijua kuitengeneza, na itaendelea kushona kitambaa cha leo kwa muda gani? Kitambaa chenyewe katika vyumba vyetu ni mpira. Gemu za ngumi na za magari zina wenyewe, lakini kodi ya chumba hulipwa na FC, gemu ya mpira ya kampuni ya EA iliyokuwa ikiitwa FIFA.

Mpira wa mwaka huu unafika kwenye mashine gani

Hapa pana mtindo unaojirudia, na ukiujua utapunguza wasiwasi. PS2 ilitoka Machi 2000, mrithi wake PS3 akaja Novemba 2006, lakini FIFA 14 ya Septemba 2013 bado ilitolewa kwa PS2. Yaani mashine iliendelea kupata mpira mpya karibu miaka saba baada ya kurithiwa. PS3 nayo ilirithiwa Novemba 2013, na FIFA ya mwisho kwake ikawa FIFA 19, Septemba 2018: karibu miaka mitano. Tena zile mbili za mwisho zilikuwa jezi mpya na vikosi vipya tu juu ya mchezo ule ule wa zamani.

PS4 ilirithiwa Novemba 2020. FC 26 ya Septemba 2025 imetoka kwa PS4 pia. Hesabu mwenyewe: PS4 imesimama pale pale PS3 ilipokuwa imesimama 2018. Huenda ikapata mwaka mmoja zaidi, huenda isipate. Kwa hiyo anayenunua PS4 sasa asiihesabie umri wa chuma chake, bali aihesabie msimu wa mpira: pesa yake iwe imerudi kabla ya Septemba inayofuata. Ikichelewa zaidi ya hapo, amenunua kwa imani.

Kuna tofauti nyingine ambayo mteja huihisi kwenye vidole kabla hajaiona kwa macho. Tangu FIFA 22, teknolojia ya mwendo wa wachezaji inayoitwa HyperMotion iliwekwa kwenye PS5 na Xbox mpya, PS4 ikaachwa nje. Kijana aliyezoea PS5 akikaa mbele ya PS4 atakwambia mpira mzito, na hutamshawishi.

| | PS4 Slim | PS5 yenye diski |
|---|---|---|
| Ilitoka | Septemba 2016 | Novemba 2020, umbo jembamba Novemba 2023 |
| Umeme ikichezwa | wati 80 hivi | wati 200 hivi |
| Diski inazosoma | za PS4 | za PS5 na karibu zote za PS4 |
| Pedi | DualShock 4 | DualSense. Ya PS4 hukubali gemu za PS4 tu |
| Kuongeza nafasi | diski ya SATA ya inchi 2.5 ndani, au ya nje kwa USB | SSD ya M.2 ndani, ya USB huchezesha gemu za PS4 tu |

Mstari wa pedi usiupite haraka. Wengi huhama kutoka PS4 wakiwa na pedi nne na hufikiri wameokoa pesa. Ukiweka FC ya PS5, pedi za PS4 hazicheki wala hazilii. Mashine huja na pedi moja, na chumba cha gemu hakiuzi mechi ya mtu mmoja, basi bei ya PS5 kwako ni bei ya mashine pamoja na pedi ya pili, na ya tatu ya akiba kwa siku fimbo ya mojawapo itakapoanza kujivuta yenyewe. Ugonjwa huo uko kwa DualShock na DualSense sawasawa, kwa sababu zote mbili hutumia vipimo vya kusuguana vinavyolika. Kuusafisha kwa spiriti huahirisha tu. Dawa ni fundi mwenye mkono mwepesi wa kuchomelea abadilishe kipimo kizima.

Hesabu ya kurudisha pesa

Chukua tarakimu hizi kama mfano, kisha weka zako. Mechi ya dakika sita kila kipindi, pamoja na marudio ya magoli na mabishano ya kuchagua timu, hula dakika 15 au 16. Kiti kimoja kikifanya mechi 16 kwa siku kwa shilingi 500, hiyo ni 8,000. Kwa siku 26 ni 208,000. PS4 uliyotajiwa 700,000 itarudi baada ya miezi mitatu na nusu hivi, kabla hujatoa kodi na umeme. PS5 ya 1,800,000 kwa bei ile ile ya mechi itachukua karibu miezi tisa. Ukiweza kudai 700 kwa mechi ya PS5, unapata 291,200 kwa mwezi na muda unashuka hadi miezi sita na kidogo.

Swali basi ni moja: mtaa wako utalipa hiyo 200 ya ziada? Palipo na chumba kingine cha PS4 hatua hamsini kutoka kwako, watoto watakuhama. Palipo na vijana wanaofanya kazi na wanaotaka mashindano ya usiku, watalipa. Kumbuka pia kwamba miezi yetu haifanani. Ramadhani mchana ni kimya, biashara huanza baada ya tarawehe na kwenda hadi karibu na daku. Siku za Idi watoto wana pesa za sikukuu mfukoni na kiti hakipoi. Siku za skuli, kati ya skuli na chuoni, watoto wanapata saa moja tu. Ukinunua mashine wiki mbili kabla ya Idi umepata msukumo wa kwanza. Ukinunua wiki moja baada yake, umeanza na mteremko.

Umeme nao uingie katika hesabu. PS5 na televisheni ya wati 80 ni wati 280. Saa kumi ni yuniti 2.8. PS4 Slim na televisheni hiyo hiyo ni yuniti 1.6. Tofauti ni yuniti 1.2 kwa siku, 31 hivi kwa mwezi wa siku 26 kwa kila kiti. Zidisha kwa bei unayonunulia Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla.

Umeme, chumvi na unyevu

Volti si tatizo: PS4 Slim na PS5, hata zilizotoka Marekani, hukubali volti 100 hadi 240. Soma kibandiko cha nyuma, kisha badilisha waya tu. Tatizo ni kukatika na kurudi kwa kishindo. Umeme wa Unguja unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na wa Pemba kutoka upande wa Tanga. Wenye umri wao wanakumbuka giza la miezi mitatu Unguja, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Siku hizi ni dakika, lakini dakika moja inatosha kuharibu faili mashine ikiwa inaandika.

UPS (betri ya kushikilia umeme) ya VA 650 itabeba kiti kimoja cha PS5 na televisheni yake kwa dakika chache, muda wa kuzima kwa utaratibu. Usinunue kwa matumaini ya kumaliza nayo kombe. Zima kabisa hali ya kupumzika na uzoeze vijana wako kuzima mashine kikamilifu usiku. Ikikatika na mashine ikawa nzito au gemu zimepotea kwenye menyu, iwashe kwa hali ya usalama: ikiwa imezimwa, bonyeza kitufe cha kuwashia usikiachie hadi usikie mlio wa pili, kama sekunde saba baada ya wa kwanza. Unganisha pedi kwa waya, chagua namba 5, ujenzi upya wa kanzidata. Gemu hazifutiki. Chaguo linalofuta kila kitu liko chini yake, kwa hiyo soma kabla ya kubonyeza.

Hewa ya bahari hushikamana na vumbi na kufanya tope jembamba kwenye mapezi ya kupoozea. PS4 ukiisikia inanguruma kama boti ya mwendo kasi, ifunguliwe: feni isafishwe, pasti ya joto ibadilishwe. Kazi hiyo fundi yeyote wa simu mwenye subira anaiweza. PS5 ni jambo jingine. Kati ya prosesa na chuma chake cha kupoozea hamna pasti bali metali ya majimaji, nayo hupitisha umeme. Fundi akiifuta kama anavyofuta pasti ya PS4, tone moja likiangukia vipuri vya jirani mashine imekufa. Kwa PS5 toa bamba la nje, vuta vumbi kwenye matundu yake maalumu, safisha feni, na uishie hapo. Hili peke yake ni sababu ya mtu wa Konde au Makunduchi, aliye mbali na fundi anayeijua, kufikiri mara mbili.

Kukagua PS4 ya mtumba

Nenda na diski yako, pedi yako na nusu saa. Cheza mechi mbili nzima bila kukubali hadithi ya "feni yake ndivyo ilivyo". Tikisa waya wa HDMI kidogo: picha ikiyumba, tundu limelegea. PS4 za mwanzo zenye kitufe cha kugusa hutapika diski zenyewe, na unyevu hauzisaidii. Slim ina vitufe vya kubonyeza, ichukue hiyo. Chomoa waya wa umeme dakika tano, kisha tazama saa na tarehe. Zikipotea, betri ya ndani aina ya CR2032 imekwisha. Si gharama kubwa, ila mashine lazima ifunguliwe, nawe upunguziwe bei. Mwuzaji atoe akaunti yake na kuirudisha mashine upya mbele yako. Iliyochipiwa, yaani iliyovunjwa ulinzi ili icheze gemu za kunakili, iache kama unataka FC ya kila mwaka: haitaingia mtandaoni, na sasisho moja la bahati mbaya linaifunga.

Yenye diski au isiyo na diski

PS5 isiyo na diski huwa ya bei rahisi kidogo, na hapo ndipo wengi hunaswa. Gemu uliyoipakua imefungwa kwenye akaunti: huwezi kuiuza Darajani msimu ukiisha, wala kubadilishana na chumba cha jirani. Tena Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo PlayStation inafungulia akaunti, kwa hiyo watu hutumia akaunti ya nchi nyingine, na kadi za kununulia lazima ziwe za nchi hiyo hiyo. Ukinunua kadi ya Marekani ukaiweka kwenye akaunti ya Uingereza, haikubali. FC kuipakua ni makumi ya GB, na kifurushi chako unakijua mwenyewe.

PS5 ya mwanzo isiyo na diski haiongezewi kisomeo cha diski kamwe. Ile nyembamba inaongezewa, lakini mara ya kwanza kisomeo lazima kisajiliwe kwa intaneti. Ukikinunua mtumba hakikisha umekijaribu kwenye mashine yako. Kwa mechi za watu wawili chumbani huhitaji usajili wowote wa kila mwezi.

Mrithi, na hofu ya kudoda

PS1 ilitoka Desemba 1994, PS2 Machi 2000, PS3 Novemba 2006, PS4 Novemba 2013, PS5 Novemba 2020. Mwendo huo ukiendelea, mrithi angekuja 2027 au 2028. Hadi mwisho wa 2025 Sony haikuwa imetangaza jina, bei wala tarehe. Ilichofanya, Oktoba 2025, ni kumtoa hadharani Mark Cerny, msanifu wa PS5, akiwa na mkuu mmoja wa kampuni ya chipu ya AMD, wakaeleza teknolojia ya picha wanayoiandaa kwa ajili ya mashine ya miaka michache ijayo.

Mrithi mwenye nguvu si lazima auzike. Nintendo iliuza Wii zaidi ya milioni 101. Wii U ya Novemba 2012 ikaishia milioni 13.56. Jina liliwachanganya watu, wakadhani ni pedi mpya ya mashine waliyonayo, na watengenezaji wa gemu wakajitenga. Dreamcast ya Sega ilipendwa na waliokuwa nayo, lakini umma ulikuwa ukingoja PS2, na Machi 2001 Sega ikaacha kuitengeneza. PS Vita, mashine ya mkononi ya Sony, ilirithi PSP iliyouzwa milioni 80 hivi, ikaja na kadi za kumbukumbu za aina yake peke yake na za bei ya kuumiza, haikufika popote karibu na hapo.

Kwa mwenye chumba, mashine kudoda si habari ya hisa za Tokyo. Iliyododa haina mtumba. Bila mtumba hakuna diski za kubadilishana, hakuna mashine mbovu za kuchinja kwa vipuri, na fundi hajifunzi kitu kisichomletea wateja. Ndiyo maana Xbox, ingawa FC inachezeka juu yake vizuri tu, ni mzigo kwa biashara hii: vijana wa mtaani mikono yao ni ya PlayStation. Switch 2 ya Nintendo, ya Juni 2025, imeanza kwa kasi, zaidi ya milioni 10 kufikia Septemba 2025, ila ni chombo cha mtu na skrini yake, na baadhi ya kadi zake zina ufunguo tu, gemu yenyewe lazima uipakue.

PlayStation haielekei kufa kifo cha Wii U. Hofu yake ni mbili nyingine. Ya kwanza ni bei. Zamani aliyesubiri alipata nafuu: PS2 ilianza kwa dola 299 Marekani, ikashuka hadi 99 mwaka 2009. PS5 yenye diski ilianza kwa 499, na Agosti 2025 ikapanda hadi 549. Mashine ya miaka mitano ikiwa ghali kuliko ilivyozaliwa, mrithi wake hatakuja kwa bei ya huruma, hasa kwa kuwa bei za chipu za kumbukumbu zilikuwa zikipaa mwishoni mwa 2025. PS3 ilishawahi kujaribu dola 599 mwaka 2006, na miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya kupanda mlima.

Ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi: diski. PS5 Pro ya Novemba 2024 iliuzwa kwa dola 699 bila kisomeo. Mrithi akija vivyo hivyo, kisomeo kikauzwa pembeni, rafu yako ya diski inategemea kifaa cha nyongeza kitakachofika bandari ya Mkoani wakati wake. Kusubiri mashine hiyo ukiwa umeacha miaka miwili ya mechi za sasa ni kuacha samaki mkononi kwa ajili ya dau lisilopigwa ubao.

Kilichompata mrithi wa PES, gemu ya mpira ya Konami, tunakifahamu vizuri zaidi. Konami iliacha jina hilo la miaka mingi, na 30 Septemba 2021 ikatoa eFootball 2022, bure. Ilianza na klabu tisa na makosa ya kuchekesha, kampuni ikaomba radhi, na toleo lililokusudiwa likafika Aprili 2022. Bure ile ilikuwa bure kwa mchezaji wa simu. Kwa mwenye chumba ilimaanisha hakuna diski, lazima mtandao kwa masasisho, na timu chache za kuchagua. Kwa sababu hiyo diski ya PES 2021 kwenye PS4 bado ni mali: inakubali faili za majina na jezi kupitia flashi, hata klabu zetu za KMKM na Mlandege ukiwa na subira ya kuwachora. EA kwa upande wake ilipobadilisha jina la FIFA kuwa FC Septemba 2023 ilibaki na wachezaji zaidi ya 19,000 na timu zaidi ya 700, na wateja walihama nayo bila kelele nyingi.

Basi uchukue ipi

Kiti cha kwanza kiwe PS5 yenye diski kama mtaji unaruhusu na fundi anayeijua hayuko mbali. Mtindo wa miaka mitano ukishika, itaendelea kupata mpira muda mrefu baada ya mrithi kutoka. Grand Theft Auto VI pia, iliyoahirishwa mara mbili na sasa kupangwa 19 Novemba 2026, imetangazwa kwa PS5 na Xbox mpya tu. Wateja wa kukodi kwa saa watakuja kwa ajili yake. Kiti cha pili na cha tatu viwe PS4 Slim, ila kwa bei inayorudi ndani ya msimu mmoja. Baada ya hapo zitacheza FC ya mwaka uliopita na PES, kwa watoto, kwa bei ya chini.

Mwenye mtaji wa PS4 moja tu asione haya kuanza nayo. Anayestahili kusubiri ni yule ambaye tayari ana PS5 mbili na anawaza ya tatu: huyo aweke pesa. Mrithi atakapotoka, usitazame foleni za Tokyo wala za London. Pita Darajani na mtaa wa Mlandege. Siku utakapokuta pedi yake inauzwa peke yake, na diski zake za mkono wa pili ziko kwenye maduka matatu tofauti, ndipo uulize bei ya mashine.